Kete nyeusi zinanitesa, nijifunze nini?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Mtwara, maeneo ya Chuno, nacheza chesi kwenye simu na kijiweni kwetu pia tuna bao moja. Nikipewa nyeupe naenda vizuri tu ila nikipewa nyeusi nachapwa mapema mno, hata mfalme sijamficha. Nilianza na mfunguzi wa Sicilian nikaona ngumu, nikahamia King's Indian, afu French, sasa hivi hata sijui nacheza nini. Kuna jamaa ananiambia nikariri Najdorf, ile aina moja ya Sicilian, mpaka hatua ya 20. Msimu wa korosho unaanza na mda utakuwa mdogo, naomba unielekeze kitu kimoja cha kushika.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo ya kukariri Najdorf mpaka hatua ya 20 achana nayo, sio kwamba ni mbaya, ni silaha kali sana, lakini ina njia nyingi na ukikosea moja tu umekwisha, na huyo unayecheza nae kijiweni hatua ya 5 tu atasogeza kitu ambacho hakipo kwenye video yoyote, sa hapo utafanyaje?

Ningekuwa mimi ndo wewe ningeshika umbo moja tu: askari c6 na askari d5 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo kuhesabu kutoka upande wa nyeupe). Nyeupe akifungua e4 unajibu c6, hiyo ndo Caro-Kann. Akifungua d4 unajibu d5, akileta c4 unaweka c6, hiyo ndo Slav. Yani ni mifunguzi miwili lakini askari wanakaa karibu sawasawa, kwahiyo unachojifunza huku unakitumia na kule, na kwa mtu mwenye mda mdogo hilo ni jambo kubwa sana.

Sababu ya c6 ni askofu wako wa c8. Ukianza na e6 kama kwenye French unamfungia ndani kama mtu aliyewekewa gunia la korosho mlangoni. Ukianza na c6 askofu anatoka kwanza kwenda f5 au g4, NDIPO unaweka e6. Huo mpangilio ukikukaa kichwani umeshapata nusu ya kazi.

Sasa tuingie ndani kidogo, weka bao mbele yako. e4 c6, d4 d5. Nyeupe akisukuma e5, toa askofu f5, weka e6, afu tafuta c5 mapema kuvunja ule ukuta wake, usikae tu unangoja. Akila d5 we kula kwa askari wa c, toa farasi wote wawili, c6 na f6, na askofu mpeleke g4. Akileta farasi c3 unakula e4, anarudisha kwa farasi, unatoa askofu f5, farasi anakuja g3 kumfukuza, askofu anaenda g6.

Hapo ndo wengi wanaumia. Ukiona tu h4 ujue askofu anawindwa. Kwenye hii ya g3 jibu h6 haraka apate pa kukimbilia, ukipuuza, h5 yake inamnasa na hana njia. Kwenye ile ya e5 akisukuma h4 mimi napendelea ujibu h5, maana ukienda na e6 kwa mazoea anakuja g4, unakimbilia e4, anakufukuza kwa f3, unarudi g6, anasukuma h5, askofu kafa. Jichezee mwenyewe pande zote mbili mpaka uione kwa macho.

Na kwenye ile ya farasi c3, mkishakulana e4, wapo wanaopenda kutoa farasi d7 badala ya askofu f5. Njia nzuri tu, ila malkia wa nyeupe akija e2 usije ukaweka farasi mwingine f6! Farasi wake anaruka d6 na mchezo umeisha, askari wako wa e7 hawezi kumla coz malkia anamuangalia mfalme nyuma yake, na mfalme kazungukwa na watu wake mwenyewe. Hatua ya 6 tu hiyo.

Kwenye Slav kuna tofauti moja ya kushika. Farasi wote wa nyeupe wakishatoka f3 na c3, usikimbilie askofu f5, maana atakula d5 afu malkia b3 anagonga b7 yako isiyo na mlinzi. Kula c4 kwanza, yeye akisukuma a4 kukuzuia b5, hapo sasa toa askofu f5 kwa raha zako.

Kuna wanaosema Caro-Kann ni mchezo wa waoga, mi hilo silikubali kabisa. Imebeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua 1886, na Botvinnik aliitegemea alipomnyang'anya Tal ubingwa wa dunia 1961, na Tal ndo yule wa mashambulizi ya kutisha. Karpov, bingwa mwingine wa dunia, nae kaicheza miaka na miaka. Slav pia, Euwe na Alekhine waligombania ubingwa kwayo 1935.

Kuhusu mda, Lichess, tovuti na app ya kuchezea chesi, ni bure na haina matangazo. Cheza michezo ya dakika 10 au zaidi, hizi za dakika 3 ziache kwanza. Kila ukichapwa na nyeusi angalia sehemu moja tu: umeachana wapi na mpango, na ungejibu nini. Usiongeze njia mpya mpaka hiyo imekukaa.

Na akifungua c4 moja kwa moja usibabaike, jibu c6 vilevile halafu d5, mara nyingi mtaishia kwenye Slav hiyohiyo. Akileta d4 na askofu f4 bila c4, we weka d5, farasi f6, askofu f5, e6, na c5 ukipata nafasi.