Nembo kwenye jaketi la flisi: stika au uzi?

SWALI: Nina karakana ndogo ya ushonaji hapa Uyole, Mbeya. Kikundi cha waendesha bodaboda kimeniagiza majaketi ya flisi, maana baridi ya alfajiri mwezi Juni na Julai haina simile. Wanataka nembo kifuani yenye picha ya pikipiki, jina la kikundi na kaulimbiu ya herufi ndogo sana chini yake. Stika ya joto niliyobandika kwenye jaketi la majaribio imeacha mraba unaong'aa, na pembe zake zimeinuka baada ya kufuliwa mara moja. Nikidarizi kwa mashine, herufi huzama kwenye manyoya. Nifanyeje?

Fundi, Uyole

JIBU: Ndugu fundi, matatizo yako yote mawili yanatokana na manyoya hayo hayo. Flisi ni kitambaa cha poliesta kilichofumwa, kisha uso wake ukachanwa kwa mashine mpaka ukatoa manyoya, na hewa inayonaswa humo ndiyo inayomkinga mvaaji na baridi. Poliesta ni jamii ya plastiki, kwa hiyo inapokandamizwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, ambalo stika nyingi hulihitaji, manyoya hulala na kugandana, wala hayainuki tena hata ukiyapiga brashi. Gundi nayo hushika ncha za manyoya tu bila kufika kwenye kitambaa chenyewe, ndiyo maana pembe ziliachia mapema. Kama jaketi ni jekundu na stika ni nyeupe, joto hilo linaweza pia kuipandisha rangi ya jaketi kwenye stika mpaka weupe wake ukageuka waridi.

Kwa flisi, basi, ninakushauri ubaki na uzi. Nyuma ya nembo weka kitambaa cha kuimarishia cha aina inayopunguzwa kwa mkasi, si ile inayochanwa kwa mkono, kwa sababu flisi huvutika na nembo isiyo na mhimili wa kudumu hukunjamana baada ya kufuliwa. Juu ya manyoya tandaza ile karatasi laini ya plastiki inayoyeyuka kwenye maji: huyalaza manyoya wakati sindano inafanya kazi, uzi ukakaa juu badala ya kuzama, na mabaki yake huondoka kwa kitambaa chenye maji. Anayekutayarishia faili la mashine aanze na mishono hafifu ya msingi chini ya nembo nzima. Tumia sindano ya ncha ya mviringo, ile ya vitambaa vinavyovutika. Fremu ya kudarizia usiibane juu ya flisi, kwani huacha alama ya duara. Bana kitambaa cha nyuma peke yake, kisha lishikize jaketi juu yake kwa gundi ya kupuliza.

Hata hivyo, hakuna ufundi utakaoiokoa kaulimbiu ile. Herufi zenye kimo cha chini ya milimita 6 hazisomeki vizuri kwenye flisi, na spoki za magurudumu zitageuka fundo la uzi. Wadarizie sampuli mbili kwenye kipande cha flisi ile ile, moja kama walivyochora na nyingine yenye pikipiki ya mistari minene na jina peke yake, wachague wenyewe. Najua mteja huumia kukatiwa maneno yake, lakini ataumia zaidi akilipia jaketi lisilosomeka. Wakishikilia kaulimbiu, idarizi nembo yote kwenye kipande cha kitambaa kigumu cha dril kiwe beji, kisha uishone pembeni kuzunguka kwa cherehani. Dril haina manyoya, kwa hiyo herufi ndogo hukaa vizuri zaidi.

SWALI: Jaketi la flisi lililodariziwa lifuliweje?

Msomaji, Mafinga

JIBU: Ligeuze ndani nje, ulifue kwa maji ya baridi au vuguvugu, ulianike kivulini. Pasi ya moto isiguse manyoya. Nembo ikijikunja, inyooshe kwa upande wa ndani, pasi ikiwa ya joto dogo na kitambaa cha pamba kikiwa katikati.