Piza ya jiko la makaa kubaki mbichi katikati

Dada, kosa si unga. Umepanga nyanya na jibini juu ya donge bichi, kisha ukategemea moto wa chini peke yake. Pale Napoli tanuri lina nyuzi zaidi ya 400, piza inaiva kwa dakika moja na nusu; sigiri yetu ya Kampala haiwezi hayo.

Fanya hivi: unga nusu kilo, maji mililita 300, hamira kijiko kidogo, chumvi. Acha uumuke mpaka uwe maradufu. Sukuma, weka kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, na ukiona malengelenge, geuza. Upande ule ulioiva ndio unaopakwa nyanya. Na nyanya zenyewe uzipike kwanza hadi zikauke, kijiko kikipita kiache njia. Nyanya za majimaji ndizo zilizokuharibia. Kitunguu na pilipili hoho kata nyembamba kabisa.

Vipange juu pamoja na jibini, halafu funika kwa kifuniko cha bati, palia makaa juu kama unavyopalia wali, chini ubakize machache tu. Dakika tano hivi, jibini imeyeyuka.

Rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ni rahisi zaidi, najua, lakini watoto wameomba piza.