Modeli inasema hewa ya Kirumba ni safi, kipimo kinakataa

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli yako ya kompyuta inayokadiria uchafu wa hewa inaonyesha hewa safi Kirumba, jijini Mwanza, ilhali kipimo chako cha chembe za moshi hewani kinapanda kila jioni. Mimi ningeshuku kwanza takwimu za moshi ulizoilisha. EDGAR, hifadhidata ya dunia ya makadirio ya hewa chafu inayotolewa, hugawa dunia kwa miraba ya nyuzi 0.1, karibu kilomita 11 kila upande. Mraba mmoja unaweza kumeza mtaa mzima, jiji na kipande cha ziwa.

Nenda kwa wanaobanika samaki. Pima kuni zao kwa mizani asubuhi, pima zilizobaki jioni, kisha zidisha kilo zilizoungua kwa gramu za chembe za moshi zinazotoka katika kila kilo. Andika kama ni kavu au mbichi, maana mbichi hufuka zaidi. Na tafadhali sana, andika saa ya kuwasha! Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka kuelekea ziwani, hivyo ukikosea saa moshi wote unaenda kusikohusika.

Kukadiria mkaa unaochomwa majumbani, anzia idadi ya kaya katika sensa ya 2022. Bodaboda zihesabu barabarani.

Kipimo chako nacho kikague: vile vya bei nafuu husoma juu kukiwa na unyevu mwingi.