Re: Tunatozwa 500 kuvuka daraja la korongo, ni halali?

Mkuu, swali la kwanza si kiasi, ni sheria gani. Katiba ibara ya 138(1) inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au utaratibu uliowekwa kisheria. Kijiji au halmashauri inayotoza ikuonyeshe sheria ndogo iliyoidhinishwa. Muhtasari wa mkutano wa kijiji peke yake hautoshi. Na risiti? Fedha ya umma hulipwa kwa namba ya malipo au mashine, si kwa kijana mwenye kamba na daftari.

Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, wanalipa, ndiyo, lakini lile lililofunguliwa 2016 ni uwekezaji wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Msichanganye.

Kugoma kulipa sikushauri. Kule Scotland, wavukaji wa daraja la Skye, lililofunguliwa 1995, waligoma wakaburuzwa mahakamani. Tozo ilikufa 2004 serikali ilipolinunua.

Anzeni kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya. Mkifika Mahakama Kuu hapa Dodoma, kumbukeni notisi ya siku 90 kwa mnayemshtaki kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Wengi hukwamia hapo.