Bwana Mifugo Anajibu: Kuku Wangu Wanajigaragaza Vumbini

SWALI: Shikamoo bwana mifugo. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Mwanga. Jua likishapanda wanakwenda chini ya mwembe, wanafukua udongo, wanalala ubavu na kujimwagia vumbi. Wengine hufumba macho na kunyoosha mguu hata nikadhani wamekufa. Jirani ananiambia ni mdondo unaanza. Nimewaogesha kwa maji na sabuni ya unga, kesho yake wamerudi palepale. Niwape dawa gani?
Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mama. Kuku wako ni wazima. Wanaoga, na dawa hawahitaji. Nakusihi usiwaogeshe tena kwa sabuni. Sabuni huondoa mafuta yote kwenye manyoya, na kuku aliyelowa mpaka kwenye ngozi akipigwa na upepo wa Ziwa Tanganyika jioni hupata baridi kali.

Mtazame kwa utulivu siku moja. Kwanza anakwangua udongo kwa makucha mpaka ulainike. Kisha analala, anatutumua manyoya, anaurusha udongo kwa mabawa na miguu mpaka upenye hadi kwenye ngozi. Baada ya hapo anatulia, na hapo ndipo ulipodhani amekufa. Mwishoni anasimama na kujikung'uta, lile wingu la vumbi linatoka na uchafu wake. Shughuli nzima huchukua kama nusu saa, na kuku mwenye nafasi huifanya takriban kila baada ya siku mbili, mara nyingi mchana jua likiwa kali.

Juu ya mkia wa kuku kuna kitezi chenye mafuta, kile ambacho wapishi wengi hukikata kabla ya kumtia chunguni. Kuku hukibonyeza kwa mdomo, kisha hupaka mafuta hayo unyoya kwa unyoya. Yakikaa muda mrefu huchakaa, manyoya yakagandamana, na manyoya yaliyogandamana hayashiki joto. Vumbi hufyonza mafuta hayo ya zamani na kuwapukutisha chawa. Kanga, kwale na shomoro nao huoga hivyohivyo.

Hata kifaranga wa mashine, asiyewahi kumwona mama yake, huanza kujigaragaza kabla hajamaliza wiki mbili. Kuku wa mayai anayefungiwa kwenye kizimba cha waya hufanya miondoko yote ya kuoga juu ya waya mtupu, bila chembe ya udongo. Hilo huniuma kila nikilikumbuka, kwa hiyo anayejenga banda asisahau pembe ya vumbi.

Wewe una mwembe, tayari una bafu. Mvua zitakapoanza udongo ule utakuwa tope, basi weka beseni pana au tairi kuukuu chini ya paa, utie mchanga mkavu, udongo laini na majivu ya kuni yaliyopoa. Majivu ya jalala lenye plastiki usiyatumie. Na yale ya kuni yakilowa yabadilishe, maana majivu yenye maji huchoma ngozi.

Jambo moja vumbi haliliwezi: utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za banda, usiku hutoka kufyonza damu. Ukiona vidoa vyekundu au vyeusi kwenye fito wanazolalia, toa matandiko yote, uyachome, ziba nyufa, kisha umwone afisa mifugo wa kata akuelekeze dawa ya kupulizia banda.

Na mdondo jirani yako asiuchezee. Kuku mwenye mdondo huzubaa, hukataa chakula, huhema kwa shida, huharisha kijani, wengine hupinda shingo. Hana nguvu ya kufukua shimo. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu. Kama hujachanja, chanja sasa kuku wakiwa wazima.

SWALI: Shikamoo babu. Huku Katonga kuna ndege weusi wanaozamia samaki, kisha wanasimama kwenye mawe na kukunjua mabawa kama wanaoomba dua. Bata wetu naye anazama ila hafanyi hivyo. Kwa nini?
Mwanafunzi wa Katonga

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Huyo ni mnandi. Manyoya yake ya nje huingiza maji, na hilo humfaa, kwani hewa ikipungua kwenye manyoya huwa rahisi kuzama chini kufuata samaki. Gharama yake ni kujianika. Bata hutafuta chakula juu juu, naye hujipaka mafuta kwa bidii hata maji hutiririka mgongoni bila kupenya. Mchunguze akitoka majini utaona mdomo unavyokwenda mkiani na kurudi.

SWALI: Nilipokwenda hifadhi ya Gombe niliona sokwe wakichambuana manyoya muda mrefu sana. Wana chawa wengi kiasi hicho?
Msomaji wa Kasulu

JIBU: Ndugu yangu, chawa na kupe wamo, na wanaokotwa, pamoja na magamba ya ngozi na uchafu wa vidonda. Lakini sokwe huendelea kuchambuana hata pasipo na kitu cha kuokota. Ndivyo wanavyotunza urafiki na kutulizana baada ya ugomvi. Maji hawayapendi na kuogelea hawajui, kwa hiyo usitegemee kuwaona ziwani wakioga. Wakichafuka hujifuta kwa majani, jambo ambalo mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, aliliona na kuliandika.

Kinachonifurahisha zaidi kiko kusini, hifadhi ya Mahale. Huko wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akanyanyua mkono, wakashikana juu ya vichwa, huku mikono iliyobaki ikichambua kwapa la mwenzake. Watafiti waliliandika hilo mwaka 1978, wakaeleza kwamba sokwe wa Gombe hawana mtindo huo, ingawa wote wanaishi kando ya ziwa hilihili. Ukijaliwa kufika Mahale, mwambie mwongozaji tangu mwanzo kwamba unataka kuuona. Wakishatulia baada ya kula, mwombe mkae palepale msubiri.