Redio ndogo na kimbunga: gaweni saa kabla upepo haujafika

Masika yakikaribia mimi kichwani ni dumu la petroli tu, na hii imetokana na kimbunga Hidaya, Mei 2024. Sisi tuko Kilwa, redio yetu ya jamii ni chumba kimoja na mnara, umeme ulipokatika tukawasha jenereta tukaendelea kurusha kama kawaida, matangazo, kaswida, muziki, tukijua tunawapa watu moyo kumbe tunachoma mafuta. Lita 20 zikaisha siku ileile. Barabara ya Dar nayo ikakatika kule Somanga, petroli hakuna, na usiku ule ndo watu walikua wanatutafuta hewani. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nyie wenye vituo vidogo, gaweni saa mapema. TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa, wakishatoa tahadhari tu anzeni kutangaza kwamba umeme ukikatika tutakua hewani saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 3 usiku, nusu saa nusu saa. Jenereta yetu inakula kama lita moja kwa saa, kwa mpango huo dumu la siku moja linaenda siku kumi! Na msikilizaji nae anazima anatunza betri, maana minara ya simu ikishazima kale karedio ndo kamebaki.

Konekta za antena zifungwe kwa tepu ya mpira mapema, maji yakiingia transmita inashusha nguvu au inajizima yenyewe mtu anadhani imeungua. Radi ikisogea, zima, chomoa, basi.

Halafu jamani taarifa zenyewe. Ikija ile ya "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2" usiisome ukaishia hapo, mvuvi anataka kujua kisiwani Songosongo kunavukika au hakuvukiki, na walioko dago, zile kambi za muda za wavuvi, warudi lini. Mwite nahodha mzee studio aseme kwa lugha yao, vuteni vyombo juu, leo hakuna kulala dago. Wanamsikia kuliko mimi na karatasi yangu.

Zile sauti za WhatsApp usizirushe kabla hujampigia mwenyekiti wa kijiji husika. Sisi namba zao wote tumeziandika kwenye daftari, simu ikizima unaazima ya mwenzio, daftari lipo mezani.