Maswali ya wasomaji: Nimeomba mafunzo ya utafiti, mbona siitwi?

SWALI: Nimehitimu shahada ya kwanza ya biolojia hapa Marekani na nina ukaazi wa kudumu. Niliomba mafunzo ya utafiti yenye posho katika NIH, taasisi za taifa za afya, lakini hadi leo kimya. Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda fomu yako haina kasoro. Ila katika mpango huu hakuna kamati inayopitia maombi yote na kuwagawa watu kwenye maabara. Fomu hukaa kwenye hifadhidata, na mkuu wa maabara ndiye anayechagua. Wapo wanaoipekua wenyewe, lakini usingoje hao. Waandikie.

NIH ina taasisi na vituo 27, kwa hiyo anza na mada, si jina kubwa. Tafuta watafiti wa mada hiyo, kisha soma kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba na biolojia, makala moja au mbili za karibuni za kila unayemlenga. Barua pepe isizidi maneno 200: umehitimu lini, unaweza kuanza lini, utakaa mwaka mmoja au miwili, na swali gani katika kazi yake linakuvuta. Halafu eleza ulichofanya kwa mikono yako. "Najua PCR" (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) haimwambii kitu. "Nilitoa DNA kwenye bakteria, nikakuza kipande cha jeni kwa PCR, kisha nikachanganua matokeo kwa programu ya R" inamwonyesha pa kukuanzishia. Ambatisha wasifu wako.

Barua moja iliyonakiliwa kwa watu ishirini hujulikana mara moja, hasa pale jina la maabara nyingine linaposahaulika ndani yake. Usipojibiwa kwa wiki moja hivi, kumbusha mara moja tu, kisha endelea na wengine. Mara nyingi kimya maana yake ni kwamba nafasi hakuna.

Kwenye usaili utaulizwa mradi wako: swali lilikuwa nini, sampuli ya ulinganisho ilikuwa ipi, nini kilikwama na ulikirekebishaje. Nawe uliza nani atakufundisha kila siku, na uombe kuzungumza na wanafunzi waliopo bila mkuu wao kuwapo. Hapo ndipo utajua kama utafundishwa utafiti au utapotezewa muda kwa kazi za mikono tu.

Jambo la fedha: posho hii si mshahara, na kodi ya serikali kuu haikatwi kwenye malipo; unailipa mwenyewe. Tenga sehemu yake tangu malipo ya kwanza, kwa sababu makadirio ya kodi hulipwa Aprili, Juni, Septemba na Januari.